Mama Nyuma ya Kioo

Wacha niseme kabisa tangu mwanzo, ili mtu asije akanidhania mwema: mama yangu mzazi nilimkana mchana kweupe, mbele ya wazungu watatu, na hakuna aliyenishikia kisu. Mengine yote nitakayoandika hapa ni maelezo tu ya namna nilivyofika pale. Na maelezo yenyewe yanaanza na kioo cha dirisha.

Tulikaa hapa Kindu, katika mtaa wa weusi, miaka ile ya mwisho-mwisho ya Wabelgiji. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha ya mbao. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Jua likikuchoma unafunga ubao unakaa gizani. Ukitaka mwanga unafungua ubao, vumbi linaingia mpaka ndani ya chungu. Vioo vilikuwa vitu vya wazungu, vya ofisi na vya misioni. Sasa siku moja mume wangu, aliyekuwa kalani kwenye bohari za gare, stesheni ya treni, akarudi na vioo viwili amevifunga ndani ya blanketi, amevikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Ofisini kwao walikuwa wanabadilisha madirisha, na mkubwa wake akampa vile vya zamani. Siku ile hakugusa chakula mpaka fundi alipokuja.

Vioo vya nini? Vya karte. Wale ambao hawakuishi siku zile hawatajua karte ilikuwa nini, basi nawaambia: ilikuwa karatasi ya serikali, ya kusema kwamba mweusi huyu amestaarabika. Mwenye karte alikuwa hapigwi fimbo, wala hasukumwi kwenye foleni kama mbuzi, na aliitwa Monsieur. Lakini ili uipate, wazungu walikuja kwako nyumbani kukukagua. Walitazama kama mnakula mezani kwa uma na kisu, walifungua mlango wa choo, waliingia hata chumba cha kulala. Zaidi ya yote walimtazama mke. Mume anaweza kujua Kifaransa mpaka basi, lakini wakimkuta mke wake chini kwenye mkeka, kwisha.

Na mimi njo hivyo walinikuta, kwenye mkeka. Mara ya kwanza mume wangu alipoomba, walitokea kabla ya saa waliyotuambia, wakanifuma jikoni nakula kwa mkono katika sinia moja na mama yangu, tunacheka, mchuzi umeshuka mpaka kwenye kiwiko. Jibu lilipokuja lilisema mke hayuko tayari. Mume wangu hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alinyamaza mwezi mzima, anakula anaondoka, anarudi analala. Kisha akaniambia, "Nitaomba tena mara moja tu. Ukiniharibia tena, sina sura ya kutembea nayo katika muji huu." Tangu siku ile nilikaa roho juu. Karte ile ilikuwa imetundikwa shingoni mwangu, si mwake.

Mama yangu aliishi nasi tangu baba alipofariki kule Tunda, kijijini kwetu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevimba tangu zamani, kutoka chumbani mpaka jikoni ilikuwa safari. Lakini mdomo haukuvimba! Alikuwa na utani wa kumuua mtu. Mume wangu alipovaa tai alimuuliza nani amemfunga kamba, na kama ameiba kuku. Mungu alikuwa bado hajanipa mtoto, na yeye aliniita mwanangu kwa kila jambo, hata akiniomba chumvi, "mwanangu, chumvi," kana kwamba chumvi bila neno lile haiji.

Fundi aliyetutilia vioo alikuwa mzee kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, aliyejifunza useremala misioni. Tulivitia kimoja sebuleni, na kimoja katika chumba kidogo cha mbele alichokuwa analala mama. Alipomaliza nilitoka nje kutazama, na nikashangaa: niliposimama pale kwenye lango, sikuona nyumba yangu ndani, niliona mawingu na mchikichi wa jirani. Nikamwambia, "Mzee, umetia kioo cha kujitazama."

Akacheka. "Dada, umeshavuka Lualaba kwa mutumbwi?"

"Mara ngapi!"

"Ukitazama maji hapa chini, kando ya mutumbwi wenyewe, unaona nini?"

"Muchanga. Samaki wadogo."

"Na ukitazama mbali, kule katikati?"

"Mbingu tu."

"Eeh. Na maji njo yale yale. Kioo vilevile. Ukikisimamia mbele sawasawa, mwanga unapita, unaona ndani. Ukikitazama kwa kando, kinaurudisha. Ukizidi kuwa kando, kinazidi kukunyima."

Maneno yale yaliniingia. Kila asubuhi nilivifuta vile vioo kwa maji na majivu, na kila asubuhi nilivipima kwa macho. Nikiwa mbele kabisa niliona mkeka wa mama, sanduku lake, birika lake la udhu. Nikisogea hatua tatu kushoto mkeka ulififia, mchikichi ukaanza kuota juu ya sanduku. Nikisogea zaidi, mama hayuko, chumba hakipo, mbingu imejaa fremu. Jogoo wa jirani alikuwa anakuja kupigana na mwenzake aliye ndani ya kioo mpaka akachoka, na watoto wa mtaa walikuja kujikunjia nyuso. Mama alikaa ndani anawaona wote, wao hawamwoni, anacheka peke yake. "Mwanangu," alisema, "hiki kitu ni kizuri. Nimekuwa kama malaika, naona watu na dhambi zao."

Niliifurahia akili yangu. Naomba mlikumbuke hilo, nilifurahi.

Barua ikaja: tarehe fulani, saa kumi za mchana, watakuja. Mume wangu akaanza kuzunguka nyumba. Meza ipo, viti vinne, vitambaa nilivyoshona kwenye foyer, shule ya wake za makalani, kwa masista. Choo kimepakwa chokaa. Akafika mbele ya chumba kidogo, akasimama. Makalani wenzake walikuwa wamemwambia kwamba wazungu hawapendi nyumba yenye ndugu. Wanasema mweusi akianza kupokea jamaa zake, kesho utakuta kijiji kizima sebuleni. Hakuna aliyekuwa ameisoma sheria hiyo mahali popote. Ilikuwa maneno ya watu wanaoogopa, wanapeana hofu yao kama tumbako. Na sisi tukaipokea.

"Mama atakwenda wapi siku ile?" akaniuliza, sauti ya chini.

Kwa jirani hawezi kwenda, mguu hauruhusu, na majirani wenyewe wangefurahi mno kuwa na hadithi ya kusimulia. Jikoni watakagua. Nikasema, "Abaki chumbani kwake. Tutasema ni depo ya vitu. Mlango tunafunga."

"Na dirisha? Weka pazia."

Hapo nikatoa ujuzi wangu. Pazia lililofungwa mchana litawafanya waulize kinachofichwa. Na mama mwenyewe, nilipokwenda kumweleza huku nimeinamisha macho, alinijibu kitu kimoja tu: "Sawa, mwanangu, nitakaa kimya. Lakini usinizibie mwanga. Kukaa gizani ni kwa mtu aliyezikwa." Basi nikamwambia mume wangu: njia yetu kutoka langoni inapita kando ya dirisha lile, mtu anakuja nalo limelala upande wa bega. Hataona kitu. Tukajaribu. Mama akakaa kwenye mkeka, mume wangu akatembea kutoka langoni saa kumi ile ile, jua limewaka uwanja mzima. Akaenda, akarudi, akaenda tena. "Siioni hata kanzu yake," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akanigusa bega. Loo, nilivyojiona bingwa!

Siku yenyewe jua liliwaka mpaka saa tisa. Nilivaa kofia, viatu vyeupe vya kunibana, gauni la maua. Mama alikwisha kula, amejifungia, ameniahidi kwamba hata chafya ataimeza. Kisha kutoka ng'ambo, upande wa Alunguli, wingu likapanda. Mungu wangu, wingu lile! Liliuzima uwanja kama mtu anayefunika moto kwa sufuria. Na mimi mjinga nikawaza tu kwamba viatu vyangu vitaingia matope.

Fundi alinieleza habari ya kando na mbele. Hakunieleza, au mimi sikuuliza, kwamba kioo hakina mwanga wake. Kinaficha kwa sababu nje kunawaka. Wingu likichukua mwanga wa nje, kioo kitarudisha nini? Kinakuwa tundu.

Wakafika watatu: bwana mmoja wa serikali mwenye daftari, madame mmoja wa kuangalia mambo ya jikoni, na mzee wa ndevu nyeupe aliyekaa huku kwetu Maniema miaka mingi na kusema Kiswahili chetu. Tuliwapokea langoni. Wakaanza kutembea kwa njia yetu, nami moyoni nahesabu hatua: sasa hawaoni, sasa hawaoni. Radi ikapiga mbali. Yule mzee akasimama.

"Ah, vioo!" akasema. "Muzuri sana. Nani alivitia?" Badala ya kuendelea na njia akaiacha, akakanyaga bustani yangu ndogo ya vitunguu, akaenda kusimama mbele ya dirisha la mama. Mbele sawasawa.

Sasa, mama yangu alikuwa na desturi, na kwetu wazee wote walikuwa nayo: radi ikianza, kila kinachong'aa ndani ya nyumba kinafunikwa. Kioo cha kujitazamia unakigeuza ukutani, sufuria mpya unaitupia kitambaa, kwa sababu radi hufuata mwangaza wake. Utoto wangu wote nilimwona akifanya hivyo. Nilikuwa nimeyapima macho ya wazungu, na jua, na njia, na sikumkumbuka mama. Kioo kikubwa namna ile, radi inakuja, binti yake yuko nje karibu nacho, angekaaje?

Akainuka kwa mguu wake ule. Nilimwona akija kutoka ndani ya giza la chumba, kwanza mikono, kisha uso, mpaka akafika kwenye kioo kabisa, kitenge chake cha bluu amekinyanyua juu kwa mikono miwili. Kati ya uso wake na ndevu za yule mzungu hapakuwa na kitu ila ule unene wa kioo. Walitazamana. Mama hakushtuka. Aliugeuza uso kidogo, akanitafuta mimi, akanipata, kisha akamaliza kazi yake: akakitundika kitenge kwenye misumari ya fremu, akakivuta mpaka chini.

Na hapo hapo, kwa sababu ya kile kitambaa nyuma ya kioo, dirisha likajaa sisi. Wazungu watatu, mume wangu na tai yake, na mwanamke mmoja mwenye kofia.

"Huyu mama njo nani?" mzee akaniuliza.

Mume wangu akaishika tai yake, akaniachia mimi. Hata leo simlaumu, niliulizwa mimi. Nilikuwa namtazama yule mwanamke wa kofia dirishani, nikaona mdomo wake unafunguka.

"Njo mutumishi wetu."

Bwana wa serikali akaandika. Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi njiani, akajipangusa udongo wa vitunguu. Tukiwa tunaingia mlangoni akaniuliza, kwa upole tu, kama mtu anayepitisha wakati, "Na wazazi wako?"

"Baba alikufa. Mama iko Tunda."

"Anakaa na nani kule?"

"Na ndugu."

"Ungemuleta hapa," akasema. "Nyumba iko kubwa. Jana tulikuwa kwa kalani mumoja, mama yake alikula na sisi kwenye meza. Ilitufurahisha sana. Muntu anayetunza wazazi wake, huyo njo tunatafuta."

Sijui niliendaje mpaka kwenye kiti. Mlango wa chumba kidogo ulikuwa hatua nne kutoka pale, mbao nyembamba, na mama yangu masikio yake yalikuwa mazima. Ningeweza bado. Ningesimama, ningefungua ule mlango, ningesema nimesema uongo, mama huyu hapa. Aibu ya kusema hivyo ingekuwa ya siku moja. Nilikaa, nikaiweka mikono juu ya mapaja kama masista walivyonifundisha.

Mlango ukafunguka wenyewe. Mama akatoka, amejifunga kitambaa cha jikoni kiunoni, anaburuta mguu. Hakumtazama mtu. Akaja mpaka mbele ya kiti changu, akasimama na mikono nyuma, vile walivyosimama watumishi wa wazungu, akasema kwa sauti safi:

"Madame, nilete kahawa?"

Nikasema, "Lete."

Alileta. Akaenda jikoni na kurudi mara mbili, kwa sababu kwa mguu ule hakuweza kubeba birika na vikombe pamoja, na kila mara tulisikia mguu ukija kutoka mbali. Akamimina, hakumwaga hata tone. Yule madame akamwambia aksanti, kisha akanisifu kwa Kifaransa, kwamba nimemfundisha mtumishi wangu vizuri.

Walipoondoka mvua ilikuwa inapiga bati. Nilikwenda chumbani kwake, nikapiga magoti, nikamshika ule mguu, nikalia mpaka nikakosa pumzi. Nikamwambia nisamehe. Akanipapasa kichwani, mkono wake laini kama siku zote.

"Nimekusamehe, Madame," akasema.

Nikadhani ni utani. Mama yangu, utani wake naujua. Nikamwambia, "Mama, wacha muchezo."

"Muchezo gani, Madame? Umepata unachotaka. Mimi niko na furaha."

Kesho yake vilevile. Kesho kutwa vilevile. Hakununa, hakukataa chakula, hakunitukana, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu hasira ningejua pa kuishika. Aliniamkia asubuhi kabla sijamwamkia. Nikimtandikia mkeka tule pamoja, anasema yeye atakula baadaye, Madame akimaliza. Mume wangu alimpigia magoti, yeye naye akawa Monsieur. Wiki ya tatu akasema anataka kurudi Tunda, na akaniomba ruhusa. Mama yangu, aliyenizaa, aliniomba ruhusa! Nilimpandisha treni mpaka Kibombo, stesheni ya kushukia watu wa Tunda, na ndugu wakampokea kule.

Karte ilikuja. Mume wangu aliitembeza mfukoni, akaitwa Monsieur, na hakuna siku aliyoitoa mbele yangu. Haikupita miaka mingi Wabelgiji wakaondoka, na ikabaki karatasi. Tulizeeka tukiwa na adabu nzuri mezani.

Kabla ya hapo, Wabelgiji wakiwa bado wapo, nilikwenda Tunda mara nne. Kila mara alinitolea kiti, cha pekee alichokuwa nacho, akakaa chini. Nilikikataa, nikakaa chini karibu naye, akainuka, akasimama. Mara ya tano waliniita kwamba amezidiwa. Nilifika asubuhi, umande haujakauka. Mama mdogo, ndugu yake aliyekuwa anamwuguza, alinipokea uani akiwa na wasiwasi. "Anazungumuza kazi tu," akanong'ona. "Anasema kuna Madame wake wa Kindu anamungojea. Ni homa."

Sikumwambia kwamba si homa.

Alikuwa amekonda, mguu tu ndio uliobaki mkubwa. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, mimi njo mutoto wako. Niite mwanangu. Mara moja tu, kisha nipige ukitaka." Alinitazama kwa muda mrefu, macho safi, yananiona vizuri kabisa. Nikaona anakusanya pumzi ya kusema, nikainama.

"Madame," akasema, "kazi imekwisha. Naweza kuenda?"

Niliona anangoja jibu. Mtumishi haondoki bila jibu. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, anatusikia, na nilijua kwamba nikinyamaza mama yangu atabaki pale anateseka, anangoja, kwa ajili yangu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Unaweza kuenda."